Picha Iliyoganda Ukutani

Kisiwa cha Tongoa,
Msimu wa viazi vikuu vipya

Kwa kaka yangu mpendwa, Kalpoi,

Salamu zangu zikufikie, na baada ya salamu nakuombea uzima wa mwili na usingizi mzuri. Sisi huku tu wazima. Mama macho yake yamezidi kufifia, lakini mdomo haujambo. Juzi alimfukuza mchungaji barazani kwa sababu alikuja kumwombea bila kuvua viatu vyenye tope. Paa uliloliezeka kwa mabati uliporudi kutoka msimu wako wa kwanza wa kazi Australia limestahimili vimbunga viwili. Upande wa jikoni ndio uliobanduka kidogo, na mkeo Votausi alipanda mwenyewe akaugongea misumari.

Sikuulizi habari za mkono wako, kaka. Uliposema katika ile simu yako ya mwisho kwamba mkasi wa matawi umekukata kiganja, nyumba nzima ilipiga magoti, na Mama akafunga siku ya Ijumaa mpaka jua likazama. Leo sikuulizi kwa sababu najua umepona. Nimejuaje, nitakueleza, ila nakuomba usome polepole, wala usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka aya za Zaburi ukiona ndefu.

Barua hii inaletwa na Masoe, mtoto wa mama mdogo, anayekuja kuchuma machungwa kwa mara ya kwanza. Nimemwambia ni barua ya mama mmoja wa huko, jamaa wa shule yetu, na nimemwelekeza mji na nyumba ya kuiacha. Yeye hajui kitu. Nimeiandika kwa kalamu kwa sababu barua pepe ingepita kwenye kompyuta za shule, na watoto hawa siku hizi wanafungua kila kinachofunguka.

Naam, tuna kompyuta. Hukuziona, maana ulikuwa umeshaondoka. Zilikuja kwa meli mwaka jana, zimefungwa kwenye maboksi, pamoja na sola na ile sahani kubwa ya kunasa mtandao ambayo sasa imekaa juu ya paa la darasa la nane kama sufuria lililosahauliwa kwenye mvua. Mkuu wetu wa shule, Bwana Taripoa, ni mtu wa Malekula, mgeni hapa kwetu, mwembamba, mwenye hofu ya kila kitu cha serikali kinachovunjika. Wiki nzima alizifungia ofisini. Watoto wakawa wanachungulia dirishani, wakimwita kwa sauti za kubembeleza: "Mwalimu mkuu, hata kuzinusa tu!" Mwisho akazitoa, akatangaza kwamba atakayegusa kwa mkono wenye mafuta ya nazi atafagia choo mpaka Krismasi.

Mimi ndiye niliyepewa kuwafundisha, kaka, mimi ambaye wewe ulinifundisha herufi kwa mkaa juu ya ubao wa mtumbwi uliopasuka. Nilikuwa nasoma usiku ninachokwenda kufundisha asubuhi. Lakini raha ilikuwepo, siwezi kuficha. Miaka yote nilikuwa nachora moyo wa binadamu ubaoni na watoto wanadhani ni embe. Siku nilipowaonyesha moyo ukipiga, unasukuma damu pale mbele yao, darasa zima waliweka mkono kifuani bila kuambiwa. Nilipowaambia mtandao unajibu maswali, Yoan wa kijiji cha juu akaandika: "Nguruwe wetu mwenye baka jeupe yuko wapi?" Akakaa akingoja. Wenzake wakamcheka, wakamwambia aweke na jina la nguruwe, labda hajulikani kwa baka tu.

Na alikuwepo binti yako, Leisongi.

Anaishi kwangu tangu aanze darasa la saba, maana kutoka kwenu mpaka shuleni ni mbali na mto ukijaa haupitiki. Amerefuka. Ana shingo ya Mama na miguu yako, na ule mtindo wako wa kuuma mdomo wa chini akifikiri. Sijui alichonacho mtoto huyu vidoleni. Wenzake wakiwa bado wanatafuta herufi moja moja kama wanaokota konokono, yeye alikuwa ameshamaliza ukurasa. Alitengeneza ramani ya kisiwa, akaweka kila kijiji, kila kisima, akaandika na majina ya zamani ya mawe ya pwani aliyokwenda kumwuliza Mama. Bwana Taripoa aliituma kwa wakubwa wa elimu, mjini Vila. Siku hiyo Leisongi aliniambia ataitunza, uje uione ukirudi.

Maana walikuwa wanakungoja, kaka. Ulipoacha kupiga simu, kila mtu alikuwa na lake. Kuna waliosema umekamatwa na polisi wa huko kwa kutoroka shambani. Kuna waliosema umekufa na wenye shamba wanaficha. Wajomba zake Votausi walikuja kutoka kisiwa cha Emae na mikeka ya desturi, wakakaa kwenye nakamali, nyumba ya baraza ya mkuu wa kijiji, wakasema binti yao arudi kwao akiwa bado kijana, kwa sababu mume asiye na kaburi wala sauti si mume. Wifi yangu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia, "Mume wangu hajafa. Amechelewa tu." Akawapikia laplap, wakala, wakaondoka na mikeka yao. Mpaka leo anapanda tuta lako la viazi vikuu kabla ya kupanda la kwake.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka huu shule ilipofunguliwa tuliunganishwa na darasa moja la watoto wa rika hilo hilo huko Queensland, Australia. Walimu wao walitaka watoto wao wajue visiwa, sisi tulitaka watoto wetu wapate Kiingereza cha watu walio hai badala ya kile cha kitabu. Nikawagawa wawili wawili, huyu wa huku na yule wa kule. Nilifuata mpangilio wa majina kwenye orodha tu, Mungu ni shahidi. Leisongi akaangukia kwa kijana anayeitwa Toby.

Wakaanza kuandikiana barua pepe kila Jumanne. Toby ni mcheshi. Alimwuliza Leisongi kama tunaishi kwenye volkeno, Leisongi akamjibu kwamba ndiyo, na asubuhi tunachemshia chai humo. Akaamini wiki nzima. Aliandika kwamba mama yake ni muuguzi, kwamba baba yake mzazi aliwaacha akiwa mdogo, na kwamba sasa ana baba wa pili, Ben, ambaye ni mtu wa visiwani, anayejua kusuka kikapu kwa majani na anayepika samaki kwa nazi. Leisongi akamwuliza, kisiwa gani? Toby akasema anadhani ni Fiji. Leisongi akanisomea yale jikoni huku anacheka, akasema, "Shangazi, hata Wafiji wamejifunza kupika!" Na mimi nikacheka naye.

Mwezi wa tatu likaja somo la familia. Kila mtoto aandae maelezo ya watu wa nyumbani kwake pamoja na picha, kisha tuonane kwa kamera, darasa na darasa, na picha zimulikwe kubwa ukutani kwa projekta. Tulifunika madirisha kwa mikeka ili giza liingie. Bwana Taripoa alivaa tai. Watoto walikuja wamepaka mafuta mpaka nikaogopa kwa ajili ya kompyuta.

Leisongi alitangulia. Alisimama mbele ya kamera na Kiingereza chake safi, akaonyesha picha ya Mama na kiko chake, akaonyesha Votausi shambani, panga begani, anacheka kwa aibu. Kisha akasema kwamba picha ya baba hana, kwa kuwa ile waliyokuwa nayo iliharibiwa na maji ya kimbunga, lakini baba yake ni mtu mrefu, anaimba sauti ya chini kanisani, na yuko kazini hukohuko Australia. Akasema, "Labda mmewahi kumwona. Akirudi, mimi na mama tutamchinjia nguruwe." Watoto wa kule wakampigia makofi.

Ikawa zamu ya Toby. Akaweka picha ya mbwa, akaweka ya mama yake, mwanamke mnene wa uso mwema aliyevaa sare ya bluu. Akasema, na huyu ni Ben.

Kaka, ulikuwa wewe.

Umenyoa ndevu na umevaa kofia ya majani, lakini hata ningekuwa kipofu kama Mama ningekujua. Umesimama mtoni, yule mtoto umembeba mabegani, mkono mmoja umeshika mguu wake asianguke na mwingine umeuinua unapunga. Kovu linaonekana kiganjani. Unacheka kile kicheko chako cha kufumba jicho moja.

Na hapo mtandao ukakwama. Sauti ya Toby ikakatika, na picha yako ikaganda ukutani, kutoka dari mpaka chini, juu ya vichwa vya watoto. Mawingu yakiwa mazito huwa hivyo, tumezoea, tunangoja. Watoto wakaanza kupiga soga. Hakuna aliyekutambua, maana wengi wao ni wa vijiji vya upande huu, na waliobaki walikuwa wadogo ulipoondoka. Bwana Taripoa akasema kwa furaha, "Tazameni, huyu bwana angeweza kabisa kuwa mtu wa kwetu!" Yoan akasema, "Mwalimu, kwa miguu ile ni mtu wa kwetu, Mfiji gani ana magoti hayo?" Darasa likaangua kicheko.

Nilimtazama Leisongi. Alikuwa bado amesimama karibu na kamera, na ile picha imemwangukia nusu, mguu wako wa picha ukipita kwenye bega lake. Hakulia. Alikuwa anauma mdomo wa chini. Nilitaka kuinuka nichomoe waya, nivunje ile mashine, niseme nyoka ameingia darasani, niseme lolote, lakini sikuinuka. Tulikaa tukikutazama hivyo, mimi na mwanao.

Kisha sauti ikarudi. Toby akauliza, "Mnanisikia?" Kwa kawaida kila mtoto humwuliza mwenzake swali moja. Leisongi alikuwa na swali lake ameliandaa tangu jana yake, kuhusu kangaruu. Akaliacha. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkono wake umepona?"

Toby akashangaa, akauliza amejuaje. Leisongi akamjibu, "Naona kovu." Basi Toby akasimulia kwa fahari kwamba Ben alikatwa na mkasi huko mashambani, akaja zahanati damu zikimtoka, na mama yake ndiye aliyemshona na kumfunga bandeji, akawa anarudi kubadilisha bandeji hata ilipokuwa haihitajiki tena. Ndivyo walivyokutana. Darasa lao likacheka, letu likacheka. Leisongi akasema, "Nimefurahi umepona," akatoka mbele ya kamera, akaenda kukaa mahali pake.

Mkono ule tuliuombea, Kalpoi. Mama alifunga kwa ajili yake. Sijui sasa nimwambie Mungu nini.

Jioni Leisongi alikuna nazi, akasonga mihogo, akala, akaosha vyombo. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilipojaribu kumshika aliniambia, "Shangazi, usimwambie mama. Mama akijua, atapanda nini?" Sikuelewa kwanza. Halafu nikalikumbuka lile tuta lako. Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikalia na shuka mdomoni asinisikie, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia naye amefanya vilevile.

Nilidhani ataacha kuandikiana na Toby. Nilimwambia nitambadilishia mwenzake, akakataa. Kila Jumanne akaendelea kuketi pale, na ndipo nilipojua anachofanya. Alikuwa anauliza habari zako. Ben anakula nini asubuhi? Ben bado anaimba? Anaimba lugha gani? Na yule mtoto wa watu, asiyejua lolote, anamjibu kila kitu. Kwamba unaimba ukiosha gari. Kwamba umemfundisha kuogelea. Kwamba nyumba yenu iko mji gani na mtaa gani, na ndiko nilikopata pa kumwelekeza Masoe. Kwamba kuna wimbo unaomwimbia akiugua, na akaandika maneno yake kama alivyoyasikia, yote yamepinda. Leisongi aliyasoma mara moja tu, akainuka, akaenda nje nyuma ya tangi la maji. Ni wimbo ambao ulikuwa unamwimbia yeye alipokuwa na homa.

Nilipaswa kuyakomesha, na sikuweza, maana hicho ndicho kidogo alichokipata kwako.

Muhula ulipofungwa Votausi alikuja kumchukua, amebeba viazi vikuu vipya kwa ajili ya walimu. Akaomba aonyeshwe hizo kompyuta anazozisikia. Tukaingia darasani, sisi watatu tu. Leisongi akamkalisha mama yake kwenye kiti, akamshika mkono, akamwonyesha ramani yake, akamwonyesha ule moyo unaopiga. Votausi akashangaa, akacheka, akafuta vidole kwenye gauni kabla ya kugusa. Kisha akasema, "Mwanangu, kama kitu hiki kinajua mpaka moyo wa mtu ndani ya kifua, hebu kiulize baba yako yuko wapi."

Sijapata kuona uso kama wa mwanao wakati ule, na namwomba Mungu nisiuone tena. Aliandika jina lako lote, Kalpoi, pamoja na la babu na la kijiji, herufi kwa herufi, mama yake akimtazama. Halikuleta kitu, na yeye alijua halitaleta. Akasema, "Hakimjui, mama."

Votausi akaiangalia ile skrini. Akasema, "Basi si kosa lake. Ni mbali." Akampapasa Leisongi kichwani, akamwambia wakusanye mizigo, mto haujajaa.

Sasa nakuambia nilichonacho moyoni. Sikuandikii urudi. Nimewaza sana kukuita nyumbani, na nikawaza tena, nikaona mtu hurudishwa na moyo wake. Wala sikutukani, matusi niliyamaliza ukutani pale ulipokuwa umeganda unacheka. Ninachokutaka ni hiki: mwambie mkeo mwenyewe. Mpigie simu kwa sauti yako. Mwambie uko hai, una nyumba nyingine, ili ajue anamlilia nani na amwache nani, na ndugu zake wakija tena na mikeka awe na la kuwajibu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu amekuwa ukuta kati yako na mama yake, na kuta za namna hiyo hupasuka kaka, nimekwisha kuziona nyufa. Mwalimu wake wa hesabu ananiuliza kwa nini siku hizi anatazama nje. Hajagusa ramani yake tena. Muhula ukifunguliwa ameniomba nimwondoe kwenye darasa la kompyuta, akafanye bustani na wengine.

Usiposema wewe, nitasema mimi. Sitamngoja Votausi apande tuta lako mwaka mwingine. Mwezi wa nane, kabla ya kulima, nitavuka mto.

Pokea salamu za Mama. Anasema ukipata tumbaku nzuri umkumbuke. Salamu za Votausi zipo daima, hajui kama nakuandikia, lakini hakuna siku ambayo hajakusalimu. Bwana Taripoa hakujui, hana salamu.

Leisongi nilimweleza juu ya barua hii, kwa kuwa sikutaka kufanya jambo nyuma ya mgongo wake. Alikuwa anaanika nguo. Nilimwuliza kama ana neno la kukuletea. Aliendelea kuanika mpaka beseni likabaki tupu. Kisha akasema nikuambie kwamba Toby ni mtoto mwema, usije ukamwacha na yeye pia.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Leinasei